Ampli ya Kwaya Haichezi Rumba

Mimi sidanganyi. Watu wa Makebuko wananiita Theodosia Mkali, na waniite tu, lakini hutampata atakayekuambia Theodosia Mwongo. Kule kambini Tanzania, siku za kuhesabiwa, wenzangu walikuwa wanaazimana watoto ili mgao wa unga uongezeke. Mtoto mmoja anahesabiwa nyumba nne kabla ya saa sita mchana, mpaka mwenyewe anasahau jina lake. Mimi karani akifika mlangoni namwambia: hapa tuko wawili, mimi na mume wangu Nazario, na huyo aliyesimama hapo nje si wetu, anasubiri zamu ya kwenda kwa jirani. Ndiyo maana sikuwa na marafiki wengi.

Nazario alikuwa mpiga besi wa kwaya yetu, Kwaya Uvumilivu. Ampli ya besi tuliinunua hukohuko kambini, baada ya kwaya nzima kuuza maharage yake na kula ugali mtupu kwa miezi mitano. Ilipofika, mchungaji aliiwekea mikono, akaiombea, akatangaza kwamba chombo hiki kimeokoka, kuanzia leo ni cha Bwana. Tuliporudishwa kwetu Makebuko, Burundi, ilipanda lori pamoja nasi, na Nazario akaikumbatia njia nzima, mimi mkewe nimekalia masufuria.

Tukafika. Hatujamaliza hata kuezeka nyumba, homa ikamwingia mume wangu. Siku kumi na moja tu, akaenda. Tangu siku hiyo ampli ikakaa chumbani kwangu. Niliishonea kitambaa cha kudarizi, na kila asubuhi naifuta vumbi na kuisalimia. Ucheke usicheke, ndicho kitu chake pekee kilichobaki ambacho kiliwahi kutoa sauti.

Sasa shida ilikuwa hii: kwaya haikupata mpiga besi mwingine. Miaka miwili ampli imekaa kimya. Mzee Urbano, mwenyekiti wa baraza la kanisa, akaniita baada ya ibada.

"Mama Theodosia, chombo cha kanisa si pambo la chumbani," akasema. "Ndugu zetu wa Muyinga wana mpiga besi, ila hawana ampli. Mwezi huu ukiisha bila chombo hiki kutumika, tutawapa wao."

Nilitoka pale najiuliza. Nitamtoa wapi mpiga besi, nimzae?

Siku ya tatu akabisha hodi Zihalirwa. Huyu ni Mkongomani wa Kivu ya Kusini, anauza vitenge soko la Gitega, na siku za Jumamosi anaongoza orkestra ya rumba, mwenyewe anaimba. Anavaa viatu vyeupe hata mvua ikinyesha. Akakaa kwenye kiti bila kukaribishwa.

"Mama, mi niko na shida," akasema. "Ampli yetu ya besi ilikufa. Jenereta iliichoma, hata moshi ilitoka. Na samedi, Jumamosi hii, iko ndoa kule Muyinga. Néhémie, mutoto ya ndugu yangu, anaoa Christina wa kwaya yenu. Donc, kwaya yenu itaimba, na sisi tutapiga. Mbona tusitumie ampli moja?"

"Nguo ya kuazima haisitiri matako," nikamjibu.

"Haiko nguo, mama. Iko ampli."

Nilitaka kumfukuza, kweli kabisa. Lakini akasema neno moja lililonikalisha chini: mpiga besi wake, Gédéon, angepigia kwaya yetu kanisani asubuhi, bure, na ampli ingekuwa imetumika katika kazi ya Bwana. Nikavaa kitenge cha heshima nikaenda mbio kwa Mzee Urbano.

Baraza likakaa, likajadili, likanywa chai, likakubali kwa sharti moja. "Wimbo mmoja tu wa dunia ukipita ndani ya chombo hiki," akasema Mzee Urbano, "kinahamia Muyinga. Na hatutumi shahidi. Shahidi ni wewe, maana wewe husemi uongo." Nikaapa. Moyoni nikasema, Zihalirwa, Jumamosi utanitambua.

Jumamosi gari lao likaja kutuchukua. Nikaiweka ampli kiti cha mbele, nikaifunga mkanda, nami nikakaa pembeni yake. Zihalirwa akabaki amesimama na viatu vyake vyeupe.

"Mama, mi njo président wa orchestre. Nikae wapi?"

"Nyuma, na ngoma."

"Na ampli ikae mbele?"

"Hii ni ya Bwana. Wewe ni wa nani?"

Akapanda nyuma. Kutoka Gitega mpaka Muyinga kupitia Karuzi, barabara ya vumbi jekundu, aliposhuka nilimsikitikia kidogo. Alifanana na tofali.

Kanisani mambo yalikwenda vizuri mno. Gédéon, mtu mzima mwenye masharubu na maneno machache, akachomeka waya, akakohoa, akaanza kupiga. Besi ikaingia chini ya nyimbo zetu, ikazibeba. Miaka miwili sikuwa nimeisikia ile sauti. Nikatazama mabati ya kanisa mpaka wimbo wa mwisho, watu wakadhani naomba, na mimi nilikuwa nazuia machozi yasiharibu poda.

Karamu ilikuwa uwanjani nyuma ya nyumba ya bwana harusi, chini ya maturubai. Kwaya ikaimba tatu, tukapigiwa makofi, tukakaa. Sasa zamu ya orkestra. Zihalirwa akasogea kwenye maikrofoni amekwishajipangusa. Nami nikavuta kigoda changu, nikakaa kando ya ampli, nikashika kitufe cha sauti.

"Mama, unafanya nini hapo?" akaniuliza pembeni.

"Nalinda. Ukimtaja Mungu, napandisha besi. Ukitaja mapenzi, nashusha mpaka sifuri."

"Mama! Hii iko ndoa! Nitaimba nini, kilimo?"

"Hata kilimo kinafaa."

Akanitazama, nikamtazama. Wimbo ukaanza. "Christina," akaimba, "macho yako..." Nikashusha. Besi ikakatika kama mtu aliyetumbukia shimoni, na wachezaji wote wakasimama mguu juu. Zihalirwa akatokwa jasho. "...macho yako aliumba Mungu!" Nikapandisha. Wakaanza tena kucheza. "Kiuno chako!" Sifuri. "Kiuno chako, asante Bwana!" Juu.

Ikawa hivyo wimbo mzima. Zihalirwa alimtaja Mungu siku ile kuliko mwinjilisti. Kila shavu lilikuwa la Bwana, kila busu lilikuwa amina. Na watu wa Muyinga, ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni, hawakukasirika hata kidogo! Walidhani ni staili mpya kutoka Gitega. Besi ikikatika wanaganda walivyo, mmoja mkono hewani, mwingine chupa mdomoni. Besi ikirudi wanalipuka. Shangazi wa bwana harusi, mama mnene aitwaye Joséphine, aliganda ameinama mpaka ikabidi asaidiwe kuinuka, naye akapiga kelele, "Encore! Encore! Rudieni!" Vigelegele vikapaa. Mzee mmoja wa Mwakiro akanijia akanishika mkono, akasema hajawahi kuona mpiga kitufe hodari kama mimi. Nikamshukuru, nifanyeje?

Kichwa kilianza kunivimba, nakiri. Nikawa nashusha hata pasipo na dhambi, ili tu nione watu wanavyoganda.

Ilipofika saa tisa, Zihalirwa sauti imekauka, akasema kwenye maikrofoni: "Bon. Sasa tunaimba ile ya Mzee Chumvi. Mama wa kitufe, hii haina Mungu ndani hata kidogo, mi sitakudanganya. Weka sifuri tu upumzike."

Nikaweka sifuri. Nikakunja mikono.

Sasa sikiliza. Kwa kuwa besi haikuwepo, maneno yalisikika wazi, moja moja.

*Mke wangu mkali, mvua ikimwona inarudi,*
*ugali wake umeungua, ukisema unaambiwa meza.*

Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikasema na mama Joséphine aliyekuwa kando yangu, "Kuna wanawake hawana haya, jamani!" Akasema, "Ego, ndiyo mama, wako wengi."

*Mchana ananigombeza mbele za watu,*
*jioni ananifunika mguu, huu wa vidole vinne.*

Nikaacha kucheka. Nazario alikatwa kidole na jembe la mtu mwingine, mguu wa kushoto, mwaka wetu wa pili kambini, na mguu ule ulikuwa unaona baridi kuliko mwingine. Nilikuwa naufunika nikidhani amelala.

*Nikizaliwa mara ya pili nitamtafuta huyohuyo,*
*aniulize tena nilikuwa wapi.*

Nikainuka, kigoda kikaanguka. Nikamshika Gédéon shati katikati ya wimbo.

"Wimbo huu umeutoa wapi?"

"Mama, uniache, nitapoteza..."

"Wapi!"

"Kule kambini, Tanzania," akasema, vidole vyake vinaendelea. "Sisi tulikuwa tunapiga pale soko. Kulikuwa mzee moja wa kwaya, anakuya kila jeudi. Anasema bibi yake amemutuma chumvi. Njo tulimuita Mzee Chumvi. Alinifundisha besi yote hii, mama. Wimbo aliutunga yeye. Alisema hawezi kuuimba kanisani, na nyumbani bibi atamupiga."

Chumvi! Nyumba yetu kambini ilikuwa na chumvi ya kutosha ng'ombe mia. Kila Alhamisi naletewa chumvi. Nikimuuliza ulikuwa wapi siku nzima, ananionyesha mfuko, anasema foleni ilikuwa ndefu. Na mimi, Theodosia nisiyedanganywa, nikawa nagawia majirani chumvi.

"Mzee huyo alikuwa mume wangu," nikasema.

Gédéon akaacha kupiga. Zihalirwa akaacha kuimba. Uwanja mzima ukaganda, wakidhani ni staili. Zihalirwa akaniangalia mimi, akaiangalia ampli, na nikaona midomo yake inahesabu: mkali, ugali, kidole. Akavua kofia. "Mama, pole," akasema nje ya maikrofoni. "Tutaimba ingine. Tutaimba ya kanisa."

Nilijua vizuri nilichoapa. Nilijua ampli ikisema neno moja la wimbo ule, imekwenda. Mkono wangu ulikuwa juu ya kitufe.

"Anza mwanzo," nikasema.

Nikapandisha mpaka kikakataa kuzunguka. Ile besi ilipotoka, masufuria ya jikoni yalilia. Ilikuwa ni yeye kabisa, namna alivyokuwa anachelewa kidogo kwenye noti ya mwisho, kama mtu anayerudi kusalimia mlangoni. Nililia, nikacheka, nikalia tena, poda ikaenda zake. Wimbo ulipoisha nikasema rudia. Wakarudia mara tatu. Christina akamwacha bwana harusi pale mezani, akaja kunishika kiuno, tukacheza, mimi ambaye sijacheza tangu niokoke.

Jioni, tukipakia vyombo, Zihalirwa akaniinamia sikioni. "Mama, Muyinga iko mbali na Makebuko. Nani atasema?"

Safari hii nilimwacha akae mbele.

Jumapili baada ya ibada nikasimama mbele ya baraza. Mzee Urbano akavaa miwani.

"Mama Theodosia, je, chombo kilipiga wimbo wa dunia?"

"Kilipiga."

Wazee wakatazamana. "Ngapi?"

"Mmoja."

Mzee Urbano akavuta pumzi, nikaona anataka kunisaidia. "Labda kwa bahati mbaya. Labda beti moja, kabla hujawahi kukizima?"

"Mara nne. Mwanzo mpaka mwisho."

"Mara nne! Na wewe ulikuwa wapi?"

"Mimi ndiye niliyekuwa naomba warudie."

Mzee Kasiano, mweka hazina, akaanza kukohoa kikohozi kilichofanana sana na kicheko. Mzee Urbano akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akasema amesikitika, na nadhani ni kweli. Lakini sharti ni sharti, na mimi mwenyewe nililikubali. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Jumatatu asubuhi wakaja kuichukua. Niliivua kile kitambaa cha kudarizi, nikawaambia wa Muyinga kwamba haipendi vumbi, na kwamba mpiga besi wao asiikemee. Walipoondoka nikaingia chumbani nikaona ile pembe iliyobaki wazi. Nililia, nisiseme uongo. Nililia mpaka jirani yangu Ursula akaja kuuliza nani amefariki.

Alipoondoka, nikaenda jikoni kusonga ugali wa mtu mmoja. Maji yamechemka, unga umeingia, na mara nikasikia mdomo wangu unasema, kwa sauti, mlango uko wazi: "Nazario! Alhamisi zote zile! Foleni ya chumvi, eti! Na kwa nini ukawaimbie watu wa sokoni, mimi mwenyewe niko hapa ndani? Ningekupiga? Ningekupiga lini? Na ugali wangu, niambie, uliungua lini? Nionyeshe siku!" Miaka miwili nilikuwa nikimtaja kwa heshima tu, kwa sauti ya chini, marehemu huyu, marehemu yule. Siku hiyo nilimgombeza kama mtu aliyechelewa kurudi, mkono kiunoni, mwiko juu, hadi Ursula akarudi kuchungulia nagombana na nani, hadi ugali ukaungua.