Beseni la Kokoto

Kitendawili. Nyinyi semeni tega, mimi natega: ukimhesabu anapungua, usipomhesabu anapotea.

Jibu lake si gumu. Ni mtoto wa huku kwetu, mtoto wa watu wa ng'ombe. Sisi hatuwahesabu watoto. Ukimuuliza mama wa kwetu ana wangapi, atakwambia wa Mungu ni wengi. Ukimbana sana atakwambia ana mmoja tu, na wewe unawaona wamemshika gauni mbele na nyuma. Si uongo huo, ni kinga. Jicho la mtu lina njaa, na kitu kilichotajwa hesabu yake huanza kupungua siku hiyo hiyo. Hata ng'ombe ni hivyo. Muulize mzee wa kwetu ana ng'ombe wangapi, atakuonyesha ndama mmoja mwenye kikohozi.

Mwalimu Philemon alipoletwa hapa hakuyajua hayo. Yeye ni mtu wa mto, Mpokomo wa Kinakomba, na kwao mtu huhesabu migomba yake mmoja mmoja na hakuna mgomba uliokauka kwa sababu hiyo. Siku yake ya kwanza akawapanga watoto mstari, akanyoosha kidole, akaanza: mmoja, wawili, watatu. Kufika saa ya chai darasa lilikuwa tupu. Kila mama alikuja kimya, akamshika wake mkono, akaenda zake.

Jioni akaja kwangu. Walimwelekeza huku kwa sababu mimi nilisoma mpaka la saba, na kwa sababu mlango wa akko haufungwi. Akko ni bibi, kwa lugha yetu. Akaketi kwenye ngozi, akauliza amekosa nini. Nikampa maziwa kwanza, akanywa, ndipo nikamwambia kosa lake ni kidole. Nilidhani atacheka. Wenye elimu hucheka. Yeye alikizungusha kibuyu mkononi akiwaza.

Wiki iliyofuata akaweka beseni la bluu mlangoni pa darasa. Kila mtoto akija anakuja na kokoto yake kutoka nyumbani, anaitia kwenye beseni, anaingia. Wakishakaa, mwalimu anahesabu kokoto. Kokoto haina mama wa kuogopa jicho. Jioni kila mtoto anaichukua yake. Wamama wakapita karibu na shule kama wanaotafuta kuni, wakaliangalia lile beseni, wakarudi nyumbani, na watoto wakarudi darasani.

Akajifunza na mengine. Akajua kubisha hodi nyumba ya mtu wa kwetu, akajua kuuliza habari kwa mpangilio wake: ng'ombe, majani, maji, halafu watu. Shule anaitaja mwisho kabisa, akiwa amesimama kwenda zake, kama jambo lililomponyoka. Ukimwona amekaa boma la watu utadhani amekuja kuposa. Akitoka likizo kwao analeta maembe na ndizi kwa gunia, na watoto wanamfuata mpaka nyumbani kwake. Wavulana wakubwa walimwita Mpokomo wa maziwa, na yeye akiitika.

Alikuwa peke yake. Wengine walitumwa wakaona jua la huku, wakaona mathenge, ule mti wa miiba, ulivyofunga njia, wakarudi na boda boda ile ile. Akiondoka Philemon, shule imeondoka. Hilo kila mtu alilijua, na mimi nililijua kuliko wote kwa sababu ya Ruwaida.

Ruwaida ni mjukuu wangu, yuko gredi ya tano. Baba yake, mwanangu Liban, yuko na ng'ombe huko chini, karibu na Ozi, anafuata majani. Alimwacha msichana kwangu kwa neno moja: maadamu kuna shule hapa, akae. Siku shule itakapokosekana, atakuja amchukue akachunge ndama kama wenzake. Hakusema kwa ubaya. Ndivyo mambo yalivyo.

Basi ilikuwa likizo ya Aprili. Siku ya kufunga, watoto waliziacha kokoto zao ndani ya beseni ziwangoje, na mwalimu akalileta beseni kwangu nimtunzie. Yeye aliitwa semina Garsen. Semina ya nini? Ya namna walimu watakavyoshikana na wazazi. Nilimwambia, mwanangu, hao wanaokufundisha kushikana na sisi wamewahi kutushika wapi? Akacheka, akapanda pikipiki.

Akiwa huko ndipo gari likaja. Akashuka afisa mmoja, kijana mwenye miwani, mpole kabisa, siwezi kumsema vibaya. Alisema huko juu wamechoka na shule zenye watoto wa karatasi. Kwa hiyo yeye hataki daftari la mwalimu, anataka kusikia kwa wazazi wenyewe, nyumba kwa nyumba. Shule isiyo na watoto wa kutosha, mwalimu wake atapelekwa penye watoto, na wachache waliobaki wataunganishwa na shule ya ng'ambo ya mto.

Ng'ambo ya mto. Mto huu wenye mamba, na mtumbwi wenyewe haupo mvua ikinyesha.

Watoto walikuwa malishoni na visimani, maboma yamebaki na wamama. Afisa akaanza nyumba ya kwanza. Mama, una watoto wangapi shuleni? Mama akajifunika mtandio mpaka puani, akasema ana mmoja, tena mgonjwa mgonjwa. Nyumba ya pili wakasema yupo mmoja, Mungu akipenda. Nyumba ya tatu hawana kitu, maskini ya Mungu. Mimi nilikuwa namfuata nyuma na fimbo yangu, natokwa jasho. Kila nyumba naijua, najua kokoto ngapi hutoka humo asubuhi. Na wale wamama wakinitazama kwa macho ya kushukuru, kwamba akko yupo, ataona tumejibu vizuri.

Tukafika kwa Hodan, jirani yangu. Hodan alimzika mtoto wake mdogo mvua zilizopita. Kabla ya hapo walikuja watu wa chanjo, mmoja wao akawasifu watoto wake, akataja idadi yao, ndani ya wiki homa ikaingia. Mimi nimesoma, najua homa ni mbu. Lakini nilikuwa nimekaa na Hodan usiku ule, na sikumwambia habari za mbu.

Afisa akamuuliza. Hodan akatazama chini. "Sina," akasema.

Afisa akaandika. Hapo nikafungua kinywa. Nilitaka kusema, ana wanne, andika wanne, na nyumba ile watatu, na kwangu huyu mmoja, andika. Hodan akainua uso, akaniangalia. Ulimi ukakataa. Niliusukuma ukakataa, kama punda kwenye maji.

Nikarudi kwangu mbio, mbio za mzee, nikalibeba lile beseni, nikaliweka chini mbele ya miguu ya afisa.

"Kitendawili," nikasema.

Akatabasamu. "Shosho, mimi nimekuja kwa takwimu."

"Sema tega."

"Haya, tega."

"Mama mmoja hana ziwa, na hawa wote humu ndani ni wanawe. Wahesabu."

Akainama, akachota kokoto, akaziangalia kama mtu aliyepewa nauli pungufu. Nyingine watoto walizichora, nyingine wamezifunga uzi. Nikamsihi kwa macho, nikamwambia ahesabu tu, kuhesabu mawe si dhambi. Nyuma yangu wamama walisogea karibu. Walikuwa wameelewa. Nadhani hata wao walikuwa wanaomba aelewe, maana hakuna aliyenizuia.

"Nimeshindwa, shosho."

"Ukishindwa unatoa mji."

Akacheka kwa moyo mweupe, akaangalia saa yake. "Basi chukua Nairobi. Nairobi yote ni yako."

Akazirudisha kokoto taratibu, akapangusa vidole, akaniaga kwa heshima, gari likaondoka na vumbi lake. Kwa sheria za vitendawili, mtegaji akipewa mji ndipo hutoa jibu. Mimi nilibaki nao mkononi, Nairobi nzima, na wa kumpa jibu keshakwenda.

Philemon aliporudi nilimweleza yote, pale pale kwenye ngozi. Hakumlaumu mtu. Kesho yake alichukua daftari lake, akamwaga kokoto kwenye mfuko, akarudi Garsen. Huko ofisini wakampokea vizuri, wakampa kiti. Wakamwambia hesabu imekwisha kwenda juu, na uzuri wake ni kwamba imetoka vinywani mwa wazazi wenyewe. Yeye mwenyewe si ndiye aliyesema kwenye semina kwamba wazazi wasikilizwe?

Tukajaribu simu. Mtandao huku kwetu unapatikana juu ya kichuguu kimoja tu, tukapanda tukishikana kama mbuzi. Mwalimu akampata yule afisa, akamwambia wazazi wako hapa, zungumza nao, akampa simu Hodan. Hodan akamsalimu. Akamuuliza habari za nyumbani kwake, za ng'ombe wake, za mvua. Afisa akajibu, mtu muungwana. Halafu akauliza: kwani mama, watoto ni wangapi? Sote tulimtazama Hodan. Akaibana simu sikioni.

"Wapo," akasema. "Mungu ashukuriwe, wapo."

Salio likaisha. Tukashuka kichuguu, na Philemon alimshika Hodan mkono asiteleze.

Uhamisho ukaja kabla shule hazijafunguliwa. Anapelekwa upande wa Nanighi. Mimi nikamwuliza kama hawezi kukataa. Akasema akikataa hatakuwa mwalimu wa hapa wala wa kule. Nikamwongezea maziwa.

Asubuhi ya kuondoka, pikipiki ilimngoja barabarani, godoro limefungwa nyuma. Nilidhani tutakuwa wachache. Nikaona wamama wanatoka maboma yote, kila mmoja na watoto wake mbele yake, wameoshwa nyuso, wamepakwa mafuta. Wakajipanga kando ya barabara. Hakuna aliyewaita. Watoto wakasimama mstari ule ule wa siku ya kwanza, na wamama hawakuwavuta.

Hodan akasogea, mtandio ameushusha mabegani.

"Mwalimu, wangu ni wanne," akasema, kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Wa tano yuko chini ya ule mti wa mkoma. Nyoosha kidole, hesabu."

Nilisikia wenzake wakivuta pumzi. Halafu mwingine akasema wake ni watatu. Mwingine akasema. Hesabu zikatoka vinywani mwao moja moja, zinatetemeka, na hapakuwa na afisa, hapakuwa na gari, ila mwenye pikipiki anayetafuta mahali pa kuangalia.

Philemon alisimama na mkoba wake begani. Aliwatazama watoto kutoka mwanzo wa mstari mpaka mwisho, na mikono yake ilikaa chini.

"Wa Mungu ni wengi, mama," akasema.

Akapanda pikipiki.

Beseni liko kwangu, na kokoto alizozirudisha mwalimu. Liban ametuma salamu kwamba anapandisha ng'ombe juu, atapita hapa mwezi ukiandama. Hakusema anapita kuchukua nini, na sikumuuliza. Ruwaida huamka alfajiri kama zamani, anavaa ile sare, anakaa mlangoni na kokoto yake mkononi. Jana akaniuliza aiweke wapi. Nikamwambia aishike tu kwanza.

Ameishika.