Morris ya Gachanja Yataka Moto

Gachanja seremala alikuwa ameapa mbele ya majirani wote wa Kariobangi kwamba siku ya harusi bintiye Wakiuru hatafika kanisani kwa gari la mtu. Atampeleka yeye mwenyewe, ndani ya Morris kuukuu aliyoinunua kwa jasho la randa. Ndivyo alivyokuwa Gachanja: akishasema amesema, hata kama gari lenyewe halikuulizwa.

Sasa ilikuwa Jumamosi saa mbili asubuhi, ibada ni saa nne, na Morris ilikohoa mara moja ikanyamaza.

Jana yake ilimfanyia hivyo hivyo. Jirani yake Abdiqadir, muuza vitambaa, alileta Datsun yake na nyaya, akamwazima moto wa betri. Morris iliwaka, lakini ile taa nyekundu ya chaji haikuzimika. Taa za mbele zikafifia na gari likafa tena papo hapo mlangoni.

"Umenichomea gari!" Gachanja alifoka. "Nyaya zako zimeunguza dainamo! Na kesho usikanyage kwenye harusi ya binti yangu."

Abdiqadir alikunja nyaya zake akaenda. Hasira hasara, lakini nani angemwambia Gachanja? Asubuhi hii Datsun ilikuwa ng'ambo ya njia, imeoshwa ikatakata, na mwenyewe ameketi kando yake juu ya stuli. Hakualikwa, wala hakuondoka.

Naftaly, fundi wa umeme wa magari, alikuja na taa yake ndogo ya kupimia. Akagusa hapa, akagusa pale, halafu akaikodolea macho betri.

"Dainamo haijaungua, mzee. Hii betri nani aliiweka?"

"Kwani iko na nini?"

"Iko kinyume. Hizi Morris za zamani si kama Datsun, chanya ndiyo inafungwa kwa bodi. Hapa imefungwa hasi. Gari itawaka, lakini betri na dainamo zinavutana kama mume na mke walionuniana. Chaji haiingii. Moto wa jirani ukiisha, umezima."

Gachanja alikumbuka. Alhamisi alikuwa ametoa betri kwenda kuchajiwa, na wakati wa kuirudisha akasahau ilivyokaa. Kuuliza si ujinga, ila aliyeapa mbele ya majirani wote huona haya kuuliza. Jioni ile Abdiqadir alipofungua boneti kuongeza maji, Gachanja alipita karibu kama anayesalimu tu, akaiba kwa macho jinsi betri ya Datsun ilivyofungwa. Akaja kufunga yake vivyo hivyo, na akajiona mjanja.

Naftaly aliigeuza betri. Akagusisha waya kwenye dainamo mara moja, ikatoa cheche, ili ikumbuke upande wake. Kisha akapangusa mikono na kutazama ng'ambo ya njia.

"Imebaki kuazimwa moto," alisema.

Wakiuru alikuwa amesimama mlangoni na shela yake, shangazi zake nyuma. Gachanja angeweza kumtuma mtu. Alivuka njia mwenyewe, na hatua zile chache zilimchosha kuliko kupasua mbao siku nzima.

"Abdiqadir, si nyaya zako. Ni mimi. Betri niliiweka kinyume kwa mikono yangu, halafu nikakutukana wewe. Nisamehe, ndugu yangu."

Abdiqadir alimtazama. "Uliangalizia yangu, sio? Ile siku ya maji?"

"Niliangalizia."

Abdiqadir alicheka mpaka akashika stuli isianguke. Kisha akaivusha Datsun hadi kando ya Morris, akatoa nyaya. Zilikuwa tayari kwenye kiti cha mbele.

Waliunga chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, Naftaly akipiga kelele kwamba bodi za magari zisigusane. Morris ikanguruma. Gachanja alikanyaga mafuta kidogo, na taa nyekundu ikazimika kabisa. Wakiuru alipiga kigelegele mwenyewe, shangazi zake wakashika midomo. Gachanja alilia waziwazi kwa furaha.

Naftaly alitoa nyaya, injini ikaendelea kuimba. Bibi harusi na shangazi wawili wakabanana kiti cha nyuma.

"Haya, Mzee Gachanja, nenda," Abdiqadir alisema. "Mtachelewa."

Gachanja aliinama akaufungua mlango wa upande wa pili.

"Ingia mbele," alimwambia. "Ikizima njiani, nitamtukana nani?"