Vidole Bila Nyuso

Mama Ipyana halali kazini. Wenzake huegesha vichwa mezani wakishakula, na yeye ndiye anayewaamsha kwa kugonga meza na funguo. Leo basi anajiambia kwamba amekaa tu, sakafuni kwenye stoo ya kliniki ya wajawazito, mgongo kwenye maboksi ya glovu, mlango umerudishwa, na macho ameyafumba kwa sababu hataki kuona chochote. Asubuhi msimamizi wake wa chuo amempa jibu la kamati ya maadili, amelitoa kwa upole, na upole huo ndio unaomchoma. Damu yote aliyoipima kwa ajili ya utafiti wake wa uzamili haifai. Aliichukua kabla kibali hakijatoka, na katika wanawake wale wote hakuna aliyeulizwa kama anakubali kuingia kwenye utafiti. Mama, ulikuwa unakimbilia wapi, msimamizi ameuliza, kijana ambaye angeweza kuwa mdogo wake wa mwisho. Alikuwa anakimbilia wapi, kweli. Wajawazito wapo kwenye benchi, kipimo anacho, mkono wake mwepesi, tangu apate stashahada ya uuguzi anatoboa vidole, sasa angoje nini? Leta kidole. Ndivyo alivyosema. Leta kidole, haya mwingine, leta kidole. Simu inatetemeka mfukoni, ni mdogo wake Sekela, ambaye hajui lolote, ambaye amekwisha kununua jora zima la kitenge cha sare ya mahafali na kuwagawia mashangazi, na shangazi Tumpe ameshashona chake, cha mikono ya puto. Mama Ipyana haipokei. Anaegemea zaidi, boksi moja linabonyea nyuma yake, linabonyea kuliko boksi linavyoweza kubonyea, na anapitiliza.

Upande wa pili ni barabara. Ni ya udongo wa rangi ya waridi, nyembamba, ina tuta pembeni, na baada ya tuta kuna barabara nyingine, na tuta, na barabara nyingine, zote zinapinda polepole kushoto, na ukungu umelala mitaroni kama unavyolala kwenye mashamba ya viazi nyumbani kwao. Anatembea haraka, hajui kutembea vingine, anakata kona na kujikuta pale pale alipokuwa, ila ndani kidogo zaidi. Anatembea tena, barabara inajikunja tena, anapita kibanda cha mkaa alichokipita mwanzo, na kwenye kibanda sasa amesimama mwanamke mwenye mimba kubwa, kanga kaifunga juu ya tumbo, na mahali pa uso hapana uso. Pana ngozi tupu, laini, yenye mistari myembamba inayozunguka na kuzunguka hadi katikati, na Mama Ipyana anaijua ngozi hiyo, ndiyo kazi yake. Ni ncha ya kidole. Anatazama barabara, anamtazama mwanamke, mistari ni ile ile. Habari yako mama, anasema, maana adabu ni adabu hata huku, natafuta njia ya kutoka. Kutoka, nesi? sauti inamjibu, haijulikani inatokea wapi. Kwani wakati wa kuingia ulipiga hodi? Hebu acha mchezo, mimi nina kazi. Kazi yako tunaijua, anasema yule mwanamke. Kitendawili. Na mdomo wa Mama Ipyana unajibu wenyewe, kama wa mtoto jikoni kwa bibi: Tega. Ukipewa ni chako, ukichukua mwenyewe hakipo.

Damu, anajibu papo hapo, kwa maana hata hapa mkono wake ni mwepesi. Umekosa, nipe mji. Walipokuwa wadogo, yeye na Sekela, anayeshindwa alitoa mji, na walipeana miji kama karanga, chukua Tanga, chukua Dodoma, nenda nao. Mji gani, anauliza, mimi sina mji. Huo nyuma yako. Anageuka, na mji upo, wa vioo vitupu, kuta vioo, milango vioo, na katika kila kioo ni yeye amevaa joho, kofia imekaa upande, na nyuma yake Sekela na mashangazi kwenye kitenge cha zambarau, shangazi Tumpe na mikono yake ya puto amejaza vioo viwili peke yake. Midomo yote iko wazi kwa vigelegele na hakuna sauti. Nyuso zote zipo, isipokuwa ya mwenye joho, ambaye katika kila kioo ameinamia viatu vyake. Huo sikupi, anasema, tega kingine. Hakuna kingine, nesi, ni hicho hicho. Na sasa kwenye matuta wanatokea wengine, kutoka barabara za nje na barabara za ndani, benchi zima la kliniki, na hakuna aliyewaambia kitu lakini kila mmoja amekwisha nyoosha mkono, kidole mbele. Hilo ndilo linalomfanya atake ardhi impasukie. Amewafundisha yeye. Anavijua vidole vyote: hiki chenye kovu la kisu, hiki kilichobabuka kwa sabuni ya kufulia watu, hiki kilichounguzwa na mafuta ya maandazi, hiki ambacho pete imekibana tangu mimba ianze kuvimbisha mikono. Angeweza kuvitaja gizani. Na katika wenye vidole hivyo hajui uso hata mmoja, maana kichwa hakuwahi kukiinua.

Jina, anasema, jibu ni jina, nilichukua majina nikayageuza namba. Umekosa, nipe mji. Anautazama mji wake kwa muda mrefu. Chukueni, anasema. Vioo vinazimika kimoja kimoja, joho kwa joho, shangazi Tumpe anakwenda na puto zake, mpaka anabaki Sekela kwenye kioo cha mwisho, anafunga mdomo, anamwangalia. Dada, mbona hukusema? Kisha hakuna kitu, ni barabara tu, na Mama Ipyana anakaa juu ya tuta kama gunia. Sijui, anasema, neno ambalo hajalitamka mbele ya mtu tangu avae gauni la uuguzi. Niambieni jibu. Jibu haliambiwi, nesi. Linaulizwa. Anafungua mdomo, na kwa mazoea unatoka na leta ki..., anaufunga. Anaanza upya. Mama, naomba kupima damu yako. Si kwa ajili ya kliniki, ni kwa ajili ya masomo yangu mimi. Ukikataa utahudumiwa vile vile. Unakubali?

Mistari ya yule mwanamke wa kibandani inaacha kuzunguka. Chini yake ngozi inapasuka, taratibu, na unatokea mdomo, mdomo hasa, wenye mwanya na midomo iliyochanika kwa baridi. Hapana, unasema. Unaonekana kulipenda neno, unalirudia, hapana, na kwa kila hapana kinakuja kitu, pua, nyusi, kisha macho, na macho yale yanamtazama Mama Ipyana moja kwa moja hadi anatamani angepigwa kofi. Na mimi niulize, anasema wa nyuma yake. Na mimi. Mama Ipyana anataka kuficha uso, anaufunika kwa viganja, na viganja havikuti uso. Vinakuta ngozi laini, mistari inayozunguka. Kutoka juu kunashuka kitu kidogo, baridi, chenye ncha, na hakuna anayemuuliza.

Yuko sakafuni. Boksi limebonyea. Anagusa pua, ipo. Kwenye kidole chake cha kati kuna tone la damu, labda kwa sababu pakiti ya sindano imepasuka ubavuni mwake, labda. Simu inatetemeka, na safari hii anaipokea. We dada unalala? Fundi anataka kipimo cha kiuno chako. Sekela, mwambie aache. Mahafali hakuna mwaka huu. Acha utani wako. Sitanii. Nilipima watu bila kuwauliza, kamati imekataa, naanza upya. Sekela anauliza: Na shangazi Tumpe na mikono yake? Avae kanisani. Anasikia pumzi, haijulikani ni kicheko au ni kilio, kisha Sekela anasema, Dada, mbona hukusema? Kwa sauti ile ile. Mama Ipyana anaangalia ukuta wa stoo, kama una kioo.

Mlango unasukumwa. Nje ukungu unang'aa mweupe, na mbele yake amesimama mwanamke mwenye tumbo, kanga kaifunga juu, mkono umekwisha nyooshwa, kidole mbele. Nesi, wameniambia nije kwako. Uso hauonekani. Inawezekana ni mwanga tu. Mama Ipyana anajiinua kwa kushika maboksi na kutazama mahali uso unapotakiwa kuwa. Teremsha mkono kwanza, mama, anasema, kuna jambo nataka kukuuliza. Anauliza lote, pole pole, mpaka mwisho. Glovu hajavaa, anangoja kuona kama utatokea mdomo.