Nipendeni Kidogo Tu

Mimi sihitaji kufundishwa kuongea na watoto. Nimeendesha basi la shule hapa Duluth miaka ishirini na miwili, watoto arobaini wakipiga kelele mgongoni mwangu, na nikisema "kimya" mara moja, kimya kinapatikana. Kwa hiyo tulipomuasili Tilda, mimi na mume wangu Curtis, sikutaka kuficha kitu. Tangu ana miaka miwili nilimweleza: Shawna ndiye aliyekuzaa, alikupenda mno, ndiyo maana akatukabidhi sisi tukulee. Nilijivunia sana maneno hayo.

Alipotimiza mitano, mtoto wetu mpole akageuka mkorofi ghafla. Jumatatu aliloweka mabuti ya baba yake kwenye beseni la kuogea. Jumatano akamkata mbwa wetu sharubu. Jumamosi asubuhi, tukiwa mezani, akamimina chupa nzima ya shira juu ya gazeti la Curtis huku amenikazia macho.

"Bado mnanipenda sana?" akauliza.

"Sana," akajibu Curtis, akipangusa mikono. "Ila leo unanitafuta, we binti."

Tilda akaangua kilio. "Basi nipendeni kidogo tu! Kidogo!"

"Kwa nini, mwanangu?" nikamuuliza.

"Shawna alinipenda mno, akanitoa. Na nyinyi mnasema mnanipenda kila siku!"

Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Miaka mitatu nilikuwa nikimlisha mtoto hofu kwa mdomo wangu mwenyewe, tena kwa madaha. Akiendelea kuamini hivyo, kila tutakapomkumbatia atatetemeka.

Nikamnyanyua hivyo hivyo, mikono yake imejaa shira, nikampakata.

"Nilikosea kukueleza," nikamwambia. "Shawna alikupenda, ni kweli. Lakini hakukutoa kwa sababu hiyo. Alikuwa na miaka kumi na tisa, hana pa kukaa, hana wa kumsaidia. Wakati ule asingeweza kulea mtoto yeyote. Hayo yalikuwa mambo ya wakubwa. Wewe hukufanya kosa lolote."

"Na nyinyi mkikosa pa kukaa?"

"Tutabanana sote ndani ya basi langu, pamoja na huyo mbwa uliyemharibu sura."

Akacheka kidogo, makamasi yakimtoka. "Na nikimwaga tena?"

"Utapangusa mwenyewe, kisha utakula hapa hapa. Na kesho hapa hapa. Mpaka uwe mkubwa, useme umetuchoka, uhame. Siku hiyo nitalia mimi."

Nilisema kwa utani, lakini sauti ilinikatika katikati. Tilda akanishika mashavu kwa viganja vyake vinavyonata, akanitazama kama mtu mzima anayebembeleza mtoto.

"Usiogope, mama," akasema. "Mimi sikutoi."