Nabii wa Kidato cha Nne

Alute hakuwa mwanafunzi mjinga. Alikuwa mvivu mwenye akili, na hilo ni baya zaidi, kwa sababu mjinga akishindwa watu humwonea huruma. Tangu kidato cha pili alikuwa amegundua kwamba kufaulu kuna njia mbili: kusoma kitabu chote, au kuotea mtungaji wa mtihani atauliza nini. Njia ya kwanza aliwaachia wenye nguvu zao. Ya pili akaifanya kazi yake, na kwa vile bahati haichagui, alipatia mara mbili mfululizo. Wenzake wakampachika jina la Nabii. Badala ya kukataa kwa adabu, yeye akaanza kutembea taratibu, mikono nyuma.

Ilikuwa miaka ile ya Elimu ya Kujitegemea, na pale shuleni kwao, jirani na ziwa Kindai, kila mwanafunzi alikuwa na mradi wake. Wengine walilima alizeti, wengine walimwagilia mboga. Alute aligombea uenyekiti wa mradi wa kuku kwa hotuba ndefu juu ya ujamaa na jasho la mkulima. Ukweli ni kwamba alikuwa amepiga hesabu, akaona kuku hawapaliliwi.

Sasa mtihani wa taifa ulikuwa umefika, na kilichomnyima raha kilikuwa Baiolojia. Bila kufaulu Baiolojia hakuna kidato cha tano cha sayansi, na bila hicho hakuna udaktari. Baba yake, Mzee Gaspari, alikwisha kuutangaza udaktari huo kijijini kwao Mwankoko, kanisani na kilabuni. Likizo iliyopita watu wazima walikuwa wakimvuta Alute pembeni na kumwonyesha majipu yao. Naye aliyatazama, akatikisa kichwa, akasema, "Mmh." Kila alipoikumbuka ile "Mmh" aliona aibu mpaka masikio yakamwasha. Kitabu chenyewe cha Baiolojia alikuwa amekisoma katikati tu, penye picha.

Ijumaa, kabla ya Jumatatu ya mtihani wa vitendo, Mwalimu Kitwana wa Baiolojia alikuja kwenye banda la kuku.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nataka jogoo, Alute. Mzima, asiye na kasoro yoyote."

Alute akamkamata jogoo mweupe. Mwalimu akamkunjua bawa, akamtazama vidole vya miguu kimoja kimoja, akampapasa kifua.

"Huyu anafaa. Mtenge, nitamchukua Jumatatu asubuhi. Na usilitangaze hili."

Jumatatu asubuhi! Na usilitangaze! Alute alibaki ameshika mlango wa banda. Mtu akikuonyesha mtihani wa taifa hivyo, wewe unataka nini tena? Walikuwa wanaletewa ndege.

Mtu wa kwanza kumwambia alikuwa Theresia, msichana wa Ulemo aliyeongoza darasa lao bila kelele.

"Jogoo asiye na kasoro?" Theresia aliuliza. "Kwetu Ulemo jogoo wa hivyo ni wa mgeni. Kwenu Mwankoko si ndivyo?"

Ndivyo kabisa. Tangu akiwa mdogo Alute mwenyewe ndiye aliyetumwa kumkamata jogoo kila mgeni wa heshima alipofika, akampeleka akiwa hai, amemshika kwa mikono miwili, mgeni amwone kabla ya kisu. Jogoo mwenye kidole kilichokatika angemletea baba yake fedheha. Mtu yeyote wa Mwankoko asiyejua hata kuandika jina lake angelitambua jambo lile mara moja. Lakini Alute alikuwa amesoma.

"Theresia, acha fikra za kijijini," alisema. "Hii ni sayansi."

Nchi nzima ilikuwa inahimizwa kwenda kuishi vijijini, na bado aliyatamka maneno hayo bila haya.

Kufika jioni darasa zima lilikuwa na habari. Samweli, rafiki yake asiyeweza kutunza hata kohozi, alikuwa amewaambia wote kwa siri, mmoja mmoja. Jumamosi na Jumapili kuku wa shule waliipata. Walikamatwa, wakageuzwa miguu juu, wakafunuliwa midomo, wakang'olewa manyoya ili wenye bidii wachore. Mitetea wakagoma kutaga. Alute alipita katikati ya watu akieleza tofauti ya bawa na mkia, jambo ambalo hakuna aliyekuwa analibishia.

Theresia peke yake alibaki akisoma sura za mimea. Lakini kubaki peke yako wakati wenzako wote wamejua kitu ni kazi ngumu, na Jumapili jioni naye akafunga daftari, akaja bandani, akaomba ashikiwe kuku. Alute alifurahi kuliko siku zote. Akamshikia yeye mwenyewe.

Mtihani ulikuwa mchana wa Jumatatu. Waliingia maabara wakinukia banda. Mezani, mbele ya kila mmoja, kulikuwa na mche wa maharage, nyanya, na jani la muhogo.

Alute alitazama chini ya meza, labda jogoo yuko huko.

Mlangoni akatokea msimamizi wa mtihani, mgeni kutoka wilaya nyingine, anachokonoa meno. Mwalimu Kitwana alikuwa nyuma yake.

"Umeshiba, ndugu yangu?" Mwalimu alimuuliza.

"Nimeshiba sana. Na firigisi mkanipa mimi! Mmeniheshimu."

Darasa zima liligeuka kumtazama Alute. Theresia hakugeuka. Alikuwa ameinamia mche wake, na penseli yake haikuwa inasogea. Hapo ndipo roho ya Alute ilipouma kweli. Yeye alikuwa anavuna uvivu wake mwenyewe, lakini msichana yule alikuwa anajua, na amejua tangu Ijumaa. Alute akachora mizizi ya mharage. Alipomaliza aliona amechora mguu wa kuku, vidole vitatu mbele na kimoja nyuma.

Nje alingoja matusi. Hata kofi angelipokea. Samweli akamjia mbio, wengine nyuma yake.

"Nabii, Alhamisi karatasi ya nadharia. Kinakuja nini?"

"Sijui," Alute alisema. "Sijawahi kujua. Jogoo alikuwa wa mgeni. Someni kitabu chote."

Wakatazamana.

"Ameshajua," Samweli akawaambia wenzake. "Safari hii anataka kufaulu peke yake."

Theresia alipita na kitabu kifuani, macho mekundu.

"Nilikuambia ni wa mgeni."

"Uliniambia. Nisamehe, Theresia."

"Nami nikakufuata. Basi tumekuwa wajinga wawili," alisema, akaenda zake kusoma.

Alute alichukua kitabu, akaenda kukaa nyuma ya banda. Akafungua ukurasa wa kwanza.

"Kafungua wa kwanza!" sauti ikanong'ona nyuma ya wigo, na miguu ikakimbia.

Akajaribu kufungua wa tisini. Miguu ikakimbia tena. Alicheka mpaka akajishika mbavu, halafu kicheko kikamkauka. Akarudi mwanzo. Ukurasa wa kwanza ulikuwa unaeleza kiumbe hai ni nini, na yeye, daktari wa Mwankoko, hakuwa amewahi kuusoma. Aya ya kwanza aliielewa. Ya pili ilimshinda, akairudia polepole, kidole kikifuata mstari.

"Ameganda hapo hapo," Samweli alinong'ona kwa furaha. "Ni ukurasa wa kwanza tu, jamani. Mengine yote achaneni nayo!"

Alute alisikia. Alitamani sana kubaki pale mpaka ile aya imwingie. Lakini akafunua ukurasa wa pili, akakiinua kitabu juu ili wauone vizuri, nao wakausome.