Pua ya Taib

Katika chumba chetu cha kuonjea chai hapakuruhusiwa harufu ya kitu kingine. Si marashi, si sabuni ya manukato, si kitunguu cha mchana, na ole wako uingie ukinuka sigara, hata kama umeizimia barabarani. Sheria hiyo haikutungwa na mkurugenzi. Aliileta Taib, mwonjaji wetu hodari, na aliisimamia kwa ukali kuliko kadhi. Nyumbani kwake, mtaa wa Kuze, mkewe Zakiya alifukiza udi kila Ijumaa, kama wanawake wote wa Mji wa Kale, lakini nguo za kazi za Taib zilikuwa na kabati lake peke yake na chetezo cha udi kilikuwa hakifiki huko.

Ndiyo maana nilishtuka asubuhi moja ya Desemba, mwaka ule wa mvua za El Nino, alipopita mbele yangu akinukia udi kama bwana harusi.

Nilimwamkia sabalkheri, akaitikia. Nikangoja alalamike kwamba Zakiya amemharibia shati. Badala yake alivaa koti lake jeupe, akainama juu ya kikombe cha kwanza, akaivuta chai kwa mluzi, akaitema kwenye ndoo, akaniambia niandike kwamba ina nguvu, ina rangi, ni safi. Chumba kizima kilikuwa kinanuka udi, na mtu yule hakuwa anasikia kitu.

Mimi naitwa Naomi Kadzo, kwetu Kaloleni, na wakati huo nilikuwa msaidizi wake. Kampuni yetu ilikuwa ya udalali wa chai, pale Ganjoni, karibu na maghala ya Mbaraki ambako magunia kutoka bara yalihifadhiwa yakingoja mnada. Kazi yetu ilikuwa kuonja sampuli na kusema ipi nzuri na ipi ina kasoro. Kasoro nyingi za chai hazionekani kwa macho. Hujulikana kwa pua, na asiye na pua ni heri akauze viatu.

Acha nikueleze Taib alikuwa mtu wa namna gani, usije ukamwona mjinga, maana hakuwa mjinga hata chembe. Mtu yule hakuweza kuwa wa pili. Hata mkipanda ngazi pamoja ataongeza mwendo afike juu kabla yako, kisha akusubiri akitabasamu. Likizo hakuchukua. Arusini alikula pilau haraka, akaanza kutafuta mtu wa kuzungumza naye habari za soko la Karachi. Kwa wanunuzi wa Pakistani alikuwa na Kiurdu chake, kwa mkurugenzi wetu Bwana Ogutu alikuwa na maneno yake ya Kijaluo, mimi alinitupia Kigiriama, na kila mmoja wetu alidhani Taib ni wake. Nilikuwa najiuliza akifika nyumbani akafunga mlango, anakuwa nani.

Lakini kazi alinifunza. Alinifunza kwa ukali, akanirudisha kwenye kikombe kilekile mpaka machozi yakanilenga, na hakunificha kitu. Hilo lazima niliseme.

Mchana wa siku ile ya udi niliingia ofisini kwake nikafunga mlango. Nilimuuliza kama ni mzima, akasema mzima wa afya. Nikamwomba anuse mkono wa shati lake. Aliunusa, akaunusa tena, na nikamwona anavyotafuta jibu usoni mwangu. Nilipomwambia ni udi, aliketi.

Ndipo akanieleza. Mafua ya zile mvua yalimlaza siku mbili tatu, yakapona, lakini pua haikurudi. Daktari alimwambia itarudi, pengine baada ya wiki, pengine miezi. Ulimi ulikuwa ungali unahisi ukali wa chai na macho yaliona rangi, na kwa hivyo viwili, pamoja na uzoefu wake wote, alikuwa anabahatisha. Nilimshauri aende kwa Ogutu amwambie kweli, apumzike. Alinitazama kana kwamba nimemwambia apite Biashara Street bila nguo.

Sababu yake ilijulikana na kila mtu pale. Mkuu wa waonjaji alikuwa anastaafu mwisho wa mwezi. Jumatatu Bwana Jaffar, mnunuzi mkubwa kutoka Karachi, angekuja kuonja pamoja nasi, na baada ya hapo Ogutu angechagua nani wa kukalia kile kiti.

"Nikikosa kiti hiki mimi si kitu, Kadzo," alisema. "Wanielewa? Si kwamba n'takuwa wa pili. N'takuwa si kitu."

Angelia ningemkatalia. Hakulia. Aliyasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekutajia anuani yake, na mimi nikaogopa.

Tukapanga hivi. Mimi ndiye niliyekuwa namimina. Chai ikishaiva kwenye vibirika vidogo vyeupe, humiminwa kikombeni, kisha majani yaliyolowa, yangali ya moto, hupinduliwa juu ya kifuniko, na hapo ndipo harufu inapotoka yote. Nikinusa majani na kuyaona hayana kasoro, mkono wa kibirika, pale pa kushikia, ningeuelekeza dirishani. Yakiwa na kasoro, ningeuelekeza ukutani. Yeye angetazama kibirika, aonje, aseme.

Huenda ukasema nilimhurumia. Huruma ilikuwepo, lakini si nyingi. Kiti kile nami nilikuwa nimekiomba, kabla sijajua habari za pua, na Taib hakujua. Nilitaka kumshinda mtu yule kwa hamu ambayo hata leo naionea haya kidogo. Sikutaka kumshinda akiwa hana pua. Ushindi wa hivyo ungenikaa kooni maisha.

Jumatatu mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Kabla mgeni hajafika Ogutu alituita ofisini kwake sote wawili, akatuambia wazi kwamba majina yaliyobaki mezani ni mawili, la Taib na langu, na kwamba atatutazama leo. Tabasamu la Taib halikuondoka usoni. Alinipa mkono wa pongezi, na mkono ulikuwa baridi. Tulipotoka nilijaribu kumvuta kando nimweleze, lakini Jaffar alikuwa tayari anapanda ngazi akikung'uta mwavuli, na Taib akaniacha akaenda kumlaki kwa Kiurdu.

Chumba kile kilikuwa na desturi moja ambayo haikuvunjwa. Mwenyeji husema kwanza, mgeni huonja baada yake, na neno la mwonjaji likishatoka halirudishwi. Msaidizi hasemi mpaka aulizwe.

Nilimimina safu nzima. Taib alianza upande wa mlangoni. Mkono wa kibirika dirishani, akasema safi. Jaffar akaonja, akaafiki. Kingine dirishani, kingine tena. Kilichofuata, mkono niliuelekeza ukutani kwa sababu majani yalikuwa yameungua kidogo kiwandani. Taib akavuta, akatema, akasema hii imepita kwenye moto mkali. Jaffar akacheka kwa kuridhika na kumgusa bega. Ogutu alisimama nyuma yao mikono kifuani, nami nikaanza kupumua.

Kisha tukafika kwenye sampuli iliyotoka ghala la Mbaraki wiki ile. Majani yake makavu yalikuwa meusi, yamelingana, ya kupendeza. Maji yake yaling'aa kama shaba iliyosuguliwa. Nilikuwa nimepindua yale ya moto juu ya kifuniko wakati mgeni akiwa tayari chumbani, na harufu ikanipanda usoni: ukungu. Harufu ya gunia lililolowa likasahauliwa. Paa la ghala lilikuwa limevuja na hakuna aliyetuambia. Niliugeuza mkono wa kibirika ukutani, ukaelekea ukutani barabara, bila shaka yoyote.

Taib aliutazama. Akainama, akavuta, akatema. Ulimi wake ulimwambia chai ina nguvu. Macho yake yalimwambia rangi ni ya kwanza. Kilichobaki ni neno langu, na badala ya kuendelea akainua uso akanitazama mimi.

Nilijua anachofikiri: sasa mimi ni mshindani wake. Nilitaka kusema, nikakumbuka desturi, nikaishia kumtumbulia macho nikimsihi. Hilo likaharibu zaidi, kwa kuwa yeye aliona mtu anayehangaika apate kuaminiwa. Mvua ilipiga dirishani. Ogutu akakohoa. Jaffar alikuwa anangoja, kijiko mkononi.

"Hii ndiyo, Bwana Jaffar," Taib akasema, akitabasamu. "Katika zote za leo, hii ndiyo safi zaidi."

Jaffar akaonja. Alitema mara moja, akatema tena, akaomba maji. Hakukasirika. Alisukutua kinywa taratibu, akanigeukia akaniuliza bibi anaonaje, na mimi nikasema ina ukungu. Akamtazama Taib kwa muda mrefu, kwa huruma nadhani, kisha akaweka kijiko mezani na kumwambia Ogutu kwamba safu iliyobaki angependa kuisikia kutoka kwangu.

Niliimaliza safu. Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka Taib alisimama pale mpaka kikombe cha mwisho, wima, koti limefungwa vifungo vyote, akitikisa kichwa kuafiki kila nililosema kana kwamba ndiye aliyenituma.

Mgeni alipoondoka nilimfuata Taib ofisini. Alikuwa amelivua koti na analikunja, kona kwa kona. Nilikuwa na hasira ya kutosha kuvunja kitu. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi yake, na kwa machozi yake pia. Hakuna kilichokuja. Aliniuliza tu, kwa upole, kama anasahihisha kazi yangu ya zamani.

"Mkono uliuelekeza ukutani."

Nikasema naam.

"Na ulikuwa ukweli."

Nikasema ulikuwa ukweli, kama vyote vilivyotangulia.

"Kile kilikuwa ndicho kikombe cha kunimaliza," akasema. "Ningekuwa ni wewe, ningeugeuza dirishani."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeeleza jinsi kazi inavyofanywa, na hasira yangu yote ikaniisha, nikabaki na huzuni nisiyojua pa kuiweka. Nilimweleza kwamba nilitaka kumshinda, ndiyo, lakini pua yake ikiwa nzima. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Hata mara moja hukufikiria kuugeuza?"

Nikamwambia hata mara moja. Akaliweka koti juu ya meza, akanitazama, na nikaona kwamba na hilo pia hakuliamini.