Panya wa Rafu ya Tatu

Nimetunza panya wa maabara miaka kumi na mmoja, na hakuna aliyewahi kuniita mchafu. Jumatatu ile daktari mkuu aliniita hivyo mbele ya wenzangu wote.

Panya sabini walikuwa wamelishwa bakteria wa aina moja, wale wa kawaida wanaoishi tumboni bila kumdhuru mtu. Wa rafu ya kwanza na ya pili wakanenepa. Wa rafu ya tatu wakavimba utumbo, wakaharisha damu.

"Vizimba vyako vichafu, mama," daktari akasema. "Ijumaa rafu hiyo yote iuawe. Na barua yako ya kuachishwa kazi naiandika."

Nyumbani mume wangu akataka ninyamaze. "Panya tu hao, mke wangu. Omba radhi yaishe."

"Radhi ya nini? Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni!"

Sababu nilikuwa naijua. Panya wa rafu ile, wakiwa na siku tisa, hata macho hawajafumbua, waliharisha siku mbili. Ni virusi vilivyopita. Wakapona, wakacheza, watu wakasahau. Mimi niliandika kwenye kadi ya kizimba, nikagandisha vinyesi vyao kwenye friza, kila kichupa na tarehe yake. Wenzangu hunicheka, eti natunza mavi kama dhahabu.

Alhamisi nikaweka kichupa kimoja mezani kwa daktari, juu ya barua yangu.

"Pima hiki, kisha pima vinyesi vya leo vya rafu zote. Ukikuta uchafu wangu, nitaondoka kwa miguu yangu."

"Sina muda."

"Basi na mimi sina ufunguo wa chumba cha panya." Nikausokomeza kwenye sidiria, nikavuta kiti, nikakaa.

Akapima. Bakteria walikuwa walewale rafu zote tatu, hakuna mgeni hata mmoja. Lakini kichupa cha utotoni kilijaa virusi. Ugonjwa ulikwisha zamani, ila kinga ya utumbo ilibaki na ukali uleule wa kupigana na virusi, ikawapiga hata bakteria wasio na kosa, na vita hivyo ndivyo vilivyouvimbisha utumbo.

Daktari akaichana barua. "Hawa hawauawi. Tutawachunguza. Nipe ufunguo, mama."

"Waite kwanza wote waliokusikia Jumatatu."

Wakaja, wakajipanga ukutani.

"Mama si mchafu," daktari akasema akitazama viatu vyake. "Nilikosea mimi."

Nikamwambia arudie, wa mwishoni hawakusikia.